Duka la midoli ya zamani Memorial, Moshi: vigari nendeni, kabati la kioo pitieni mbali

Niseme ukweli wakuu, hili duka nililiendea kwa tamaa, sio kwa ajili ya mtoto kama nilivyomuaga mume wangu. Kuna habari ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp wiki mbili nzima, picha ya kadubu ka zambarau kenye ua jeupe kifuani na maandishi mekundu kwamba ukiwa nako ndani wewe ni milionea hujijui, kameuzwa mamia ya mamilioni huko Ulaya. Na mimi kadubu kama hako nilikaona kwa macho yangu mwaka jana Moshi, kwenye duka la mtumba pembeni kidogo ya soko la mitumba la Memorial, nikakaacha kisa mangi aligoma kushuka kwenye buku mbili. Buku mbili jamani! Usiku huo sikulala.

Jumamosi asubuhi nikapanda Coaster Arusha, saa nne nipo mlangoni.

Duka lenyewe ni zuri, hilo sitalificha. Ni banda refu jembamba, kuna harufu ya belo likifunguliwa, midoli imening'inizwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo kama imeanuliwa mvua ikianza, chini mabeseni manne ya vigari. Kigari mia tano, chenye matairi yote buku, unachutama mwenyewe unachambua kama unachagua maharage na hakuna anayekufukuza. Mangi ni mzee wa makamo, mpole, ukimwamkia anaitikia marahaba kwa raha na anakusogezea kigoda.

Shida ni kabati.

Zamani halikuwepo. Sasa hivi lipo ukutani, la kioo, lina kufuli, na juu yake amebandika karatasi nne amezipiga laminesheni, ni zile habari za mtandaoni kaziprinti kwa rangi. Kadubu kangu kamo ndani, kamewekwa juu ya kitambaa cheupe, bei laki mbili na nusu. Nikamwambia mangi, si mwaka jana kalikuwa buku mbili? Akacheka, "Dada, mwaka jana nilikuwa sijasoma."

Nikakomaa naye nusu saa tukaishia laki na thelathini. Nililipa. Ndiyo, nililipa, mnicheke mkimaliza tuendelee.

Jioni nyumbani Sakina nikampa shemeji yangu simu, yeye anauza simu na vitu vya mtandaoni kwa hiyo haya mambo anayaelewa. Akaingia eBay, lile soko la mtandaoni, akatafuta hako kadubu, zikaja bei za kutisha kweli, kuna mtu kaandika dola laki kadhaa, mwingine elfu hamsini, moyo ukaanza kunienda mbio. Halafu dogo akabonyeza sehemu moja tu, ile ya kuonyesha vitu ambavyo vimeshauzwa. Dola 10. Dola 8. Dola 15. Zikashuka mpaka chini ya skrini namna hiyo, na zile chache zilizoandikwa maelfu akaniambia hata hizo usiziamini sana kwa sababu mtu anaweza akabonyeza nanunua halafu asilipe.

Hapo ndio nikaelewa mchezo. Hizi habari anayeziandika anachukua bei ambayo muuzaji ANATAKA, sio bei ambayo mtu kalipa. Kwani nyie hamjawahi kuona dalali kaandika kiwanja cha Ngaramtoni milioni mia tatu? Kuandika ni bure. Kiwanja kipo pale mwaka wa sita mbuzi wanakula majani, ila ukimpigia mwandishi akakiona atakuja na kichwa cha habari "kiwanja cha milioni mia tatu Ngaramtoni" na watu wote wa jirani wanapandisha bei.

Kadubu kenyewe kanaitwa Princess, ni la kampuni ya Ty ya Marekani, kalitangazwa mwishoni mwa 1997 baada ya Princess Diana kufariki, mapato yaende kwenye mfuko wa kumbukumbu yake. Mwanzoni kila duka lilipewa 12 tu ndio maana watu waligombania kama sukari ya mgao. Lakini baada ya hapo vilitengenezwa vingi mno, na watu wakavinunua na kuviweka kwenye maboksi wakisubiri utajiri, sasa kitu ambacho kila mtu kakitunza kitaadimikaje? Na ile karatasi ya mangi inasema eti angalia tagi kama ina herufi imekosewa, ukiona jina la mji limeandikwa Gasport badala ya Gosport umeukata. Kiwanda kikikosea kuchapa hakikosei tagi moja, kinakosea mzigo mzima.

Jumamosi iliyofuata nikarudi Moshi na kadubu kwenye mkoba. Mangi akagoma kurudisha hela, mali ikishatoka haipokelewi, na kweli kaandika ukutani kwa makapeni. Nikasema basi nifungulie kabati nione na vingine. Kuna Barbie, kaandika kwa mkono "BARBIE YA 1966, 400,000". Nikampindua yule mdoli, kweli mgongoni pana 1966 imekandamizwa kwenye plastiki, pembeni yake pameandikwa Malaysia. Nikamfunulia nywele nyuma ya shingo, kuna namba nyingine, 1976. Nikamuuliza mangi, huyu kichwa chake kimezaliwa miaka kumi baada ya kiuno? Akavaa miwani. Akaangalia kichwa, akaangalia kiuno, akarudi kwenye kichwa. Ile tarehe jamani ni ya haki miliki ya umbo, Mattel, watengenezaji wa Barbie, walipolisajili hilo umbo la mwili 1966 wakaendelea kuligonga mwaka huohuo mgongoni mpaka miaka ya tisini, kwa hiyo mdoli wako anaweza kuwa mdogo kuliko mimi. Vigari vya Hot Wheels navyo ni hivyohivyo, mwaka ulio chini ya tumbo ni wa muundo, sio wa kigari ulichoshika. Akamrudisha kabatini. Bei hakubadilisha lakini ile 1966 kaifuta kwa kidole.

Na sisemi kwamba vitu vya zamani havina hela kabisa, hapana, vipo. Kuna Volkswagen ya Hot Wheels ya pinki ya 1969 yenye mbao za kuteleza baharini zinazotokeza dirisha la nyuma, hiyo ni hela ya nyumba, ila ile ilikuwa sampuli ya kiwandani haikuingia dukani, walibadilisha muundo kabla ya kuuza. Sasa sampuli ya kiwandani itaingiaje kwenye belo la Memorial? Waandishi wanachukua hadithi ya kile kimoja wanaibandika picha ya vile milioni vingine, mtu wa Majengo anaangalia kapu la wanawe anaona nyumba.

Niwape na mazuri. Kwenye beseni la tatu nilichomoa Land Rover Safari ya Matchbox, ya bluu, namba 12, imepakiwa mizigo juu ya keria, chini imeandikwa Made in England by Lesney. Hiyo sasa ni ya zamani kweli kwa sababu Safari ilianza 1965, na Lesney wenyewe, waliokuwa wanatengeneza Matchbox, walifilisika 1982. Rangi imechubuka kwenye boneti, ekseli ya mbele imepinda, kwa hiyo thamani yake sokoni ni ya kunywea chai, lakini ukiishusha kwenye sakafu inaenda mpaka ukutani bila kuyumba. Mangi kwa kuona aibu ya kadubu akanipa kwa mia tano. Kwa mtu aliyekuwepo Arusha siku zile za tamasha la Land Rover 2024, hiyo mia tano sijawahi kuitumia vizuri hivyo.

Kwa hiyo mabeseni nayapa tano kwa tano, huduma nne maana hana chenji kamwe, nendeni na noti ndogondogo, na asubuhi kabla mzigo haujachambuliwa na watu wa Boma. Kabati nalipa sifuri. Nikipata nafasi zile karatasi nitazibandua mwenyewe.

Juzi nimepita tena, kaongeza ya tano. Hii ya sasa ni kaseti za video za katuni, zile za maboksi makubwa meupe ya plastiki, eti zinauzwa mamilioni. Nikamwambia mangi ni walewale. Akaniangalia juu ya miwani akauliza, "Lakini dada, kwenu hamkuwa nazo?"

Nikatoka nje. Nimefika kwenye kona nikampigia mama yangu kule Tengeru kumuuliza lile boksi la kaseti aliweka wapi.