Usaili wa tamthilia ya muziki: nyota nne, na tatu kati yake ni za mpiga piano

Alto ya kwaya, ile sauti ya chini ya wanawake, nimeiimba miaka mingi, lakini daima nimejificha katikati ya wenzangu. Kusimama peke yangu mbele ya meza ya watu watatu walioshika kalamu, hii ndiyo mara ya kwanza. Kikundi chenyewe ni cha kujitolea. Mchana kila mtu ana kazi yake, usanii unaanza jioni.

Tangazo lilitaka kipande cha wimbo, vipimo 16 (yaani mafungu 16 ya mapigo), pamoja na nota za piano. Wimbo wa mapigo manne kwa kila kipimo, unaokwenda mapigo 120 kwa dakika, vipimo 16 ni sekunde 32. Nilipima kwa simu mara mbili, nikidhani nimekosea hesabu. Ndiyo maana usianze na ubeti wa kwanza unaopanda polepole. Kata pale penye sauti yako nzuri, umalizie hapo hapo.

Kero ya kwanza ni korido. Ukuta kati yetu na ukumbi ni mwembamba, kila anayeimba ndani unamsikia hadi pumzi. Walionitangulia wawili waliimba wimbo wangu uleule, na wa pili alinishinda waziwazi. Dada niliyekaa naye akaninong'oneza, "Usimsikilize, funga masikio." Nikaziba masikio kwa vidole kama mtoto anayeogopa radi.

Sasa mpiga piano. Ni mzee, miwani kwenye ncha ya pua. Nikampa karatasi zangu, akazitazama kidogo tu akasema, "Binti, mkono wa kushoto umekatwa hapa." Kweli, mashine ya kunakili ilikuwa imekula mstari wa chini wa ukurasa wa pili, na ndio ulikuwa na besi yote. Mimi nilikuwa nikiangalia maneno tu! Nikaanza kuomba radhi, akanizuia. "Niimbie mstari wa kwanza, taratibu, nijue mwendo wako. Hiyo besi niachie mimi." Nikaimba kwa sauti ya chini, naye akigonga goti kwa kidole. Tulipoanza rasmi, besi ilikuwepo, kana kwamba iliandikwa. Katikati niliruka mapigo mawili kwa woga. Akaruka nami, pale mezani hakuna aliyeinua kichwa. Wimbo uliandikwa juu kuliko koo langu, na hilo nalo aliligundua, ila nilipokwisha kumaliza: "Siku nyingine uniombe niushushe, au uje na nota zilizokwisha kushushwa. Si kila mpiga piano anaweza kushusha papo hapo."

Kusoma maigizo kulipita haraka. Unapewa ukurasa ambao hujawahi kuuona, unasoma na mtu usiyemjua. Mwongozaji akaturudisha, safari hii tuseme maneno yaleyale ya hasira kwa kunong'ona. Nadhani hapo alitaka kuona kama tunasikia maelekezo, maana kuhusu usomaji wenyewe hakusema neno.

Dansi nimeiogopa bure. Mwalimu alihesabu moja hadi nane, akafundisha hatua polepole, kisha akawa anabadilisha mistari ili wa nyuma waje mbele. Mimi niliyejibanza nyuma nikajikuta mstari wa kwanza bila mgongo wa mtu wa kunakili. Mguu wa kushoto ulikwenda kulia. Akacheka, akasema endelea kutabasamu, hesabu itakukuta.

Fomu ya tarehe ambazo huwezi kuja mazoezini walitupa mwishoni, tumesimama, kalamu moja kwa watu sita. Fomu hiyo ingekuja kabla, pamoja na ratiba, kwa sababu huwezi kujaza usichokijua. Mimi niliandika zamu zangu zote za usiku bila kuficha, hata kama zingeniponza.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya majibu. Tuliambiwa wiki moja. Siku ya tisa nikapata ujumbe: nimo kwenye kundi la waimbaji, alto, mazoezi Jumatatu. Dada wa korido nilibadilishana naye namba. Jana, siku ya kumi na nne, ameniuliza kama mimi nimesikia lolote, kwa sababu yeye hajaambiwa ndiyo wala hapana.