Uzoefu Wangu: Nyambizi U-1 katika Deutsches Museum, München

Nilitenga siku nzima kwa ajili ya Deutsches Museum, jumba la makumbusho la sayansi na ufundi lililojengwa kisiwani katika mto Isar, kwa sababu moja kubwa: nilitaka kuiona U-1, nyambizi ya kwanza ya jeshi la majini la Ujerumani, iliyoshushwa majini mjini Kiel mwaka 1906.

Ubavu wake umekatwa, kwa hiyo mtazamaji huona wazi jinsi chombo hiki chenye urefu wa mita 42 kilivyopangwa ndani, na mara moja hutambua kwamba nafasi karibu yote ilikuwa ya mitambo, huku mabaharia wakijibanza palipobaki.

Kilichonishika zaidi ni injini. Ikiwa juu ya maji, U-1 iliendeshwa kwa injini za kampuni ya Körting zilizochoma mafuta ya taa, haya haya tunayotia kwenye vibatari, kwa kuwa mvuke wa petroli ni hatari mno ndani ya chombo kilichofungwa; ikizama, ilitegemea mota za umeme na betri. Lakini injini hizo zilitoa moshi mweupe mzito, na hivyo chombo ambacho nguvu yake yote ni kujificha kilionekana kutoka mbali. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Wajerumani walihamia dizeli kuanzia nyambizi yao ya U-19.

U-1 yenyewe haikupelekwa kupigana. Katika Vita Kuu ya Kwanza ilitumika kufunzia mabaharia. Hata hivyo nyambizi nyingine ya Wajerumani, U-9, iliyokuwa bado na injini za mafuta ya taa, ndiyo iliyozamisha manowari tatu za Uingereza, Aboukir, Hogue na Cressy, asubuhi ya tarehe 22 Septemba 1914, chini ya nahodha Otto Weddigen. Aboukir ilipopigwa, nyingine mbili zilibaki kuwaokoa wenzao, nazo zikapigwa. Watu zaidi ya 1,400 walikufa. Nilipolitazama bomba la U-1 la kurushia topido, yaani kombora linalokwenda chini ya maji, nikiwakumbuka watu hao, nilishikwa na huzuni ambayo picha za vitabuni hazijawahi kunitia.

Jengo limekuwa likikarabatiwa kwa awamu, kwa hiyo ulizeni kwanza kama sehemu ya vyombo vya majini iko wazi kabla ya kununua tiketi. Mkifika, anzeni kwenye injini, wala msiharakishe.