Bakapu ya kompyuta nzima kwa ofisi ndogo: ununue ipi kwanza?

Ofisi nyingi hunakili mafaili ya hesabu kwenye flashi na kuona kazi imeisha. Diski ikifa, mafaili yapo, lakini Windows, programu ya mauzo, leseni na printa vyote vinapangwa upya huku wateja wamejaa kaunta. Unachohitaji ni nakala ya mfumo mzima, inayoweza kurudishwa hata kwenye diski tupu. Nimezipanga njia hizi kwa kuangalia jambo moja: ofisi itarudi kazini upesi kiasi gani.

Ya kwanza, kwa wenye kompyuta chache, ni programu ya Veeam Agent for Microsoft Windows, toleo la bure. Hela yako yote iende kwenye diski mbili za nje. Inanakili kompyuta watu wakiendelea na kazi, na baada ya nakala ya kwanza inachukua yaliyobadilika tu. Washa kile kipengele cha kuitoa diski bakapu ikimalizika, ili virusi vinavyofunga mafaili visiikute. Juni 2017, virusi vya NotPetya vilipoivamia Maersk, kampuni kubwa ya meli za mizigo, seva zake za kusimamia akaunti za watumiaji zilifutika duniani kote. Ikapona moja tu, ya Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na haikuwa kwenye mtandao. Kwa hiyo diski moja ikae ofisini, nyingine nyumbani, mbadilishane kila wiki. Tengeneza pia flashi ya kurejesha, uijaribu kwenye kompyuta ya akiba, na ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la diski, uandike kwenye karatasi.

Kompyuta zikiwa nyingi, nunua NAS (kisanduku cha diski kinachounganishwa na mtandao wa ofisi) ya Synology yenye programu ya Active Backup for Business. Haitozi leseni kwa kila kompyuta, ila si kila modeli inaiendesha, basi hakikisha modeli kabla ya kulipa. Uiwekee UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, na nakala nyingine itoke nje ya jengo. Duka likiungua nayo inaungua.

Ya tatu ni Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima. Ni ya bure na imara, lakini kwa kawaida lazima uizime Windows kwanza, na ukimpa fundi diski ndogo kuliko ya zamani inakataa: hata nakala ya diski ya GB 500 haiingii kwenye SSD ya GB 480.

Bakapu ya mtandaoni peke yake, kama huduma za Acronis za kulipia kila mwaka, naiweka mwisho, ingawa kama nakala ya ziada inafaa sana. Kushusha GB 500 kwa intaneti ya Mbps 20 ni zaidi ya siku mbili, laini ikiwa nzima. Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, intaneti ya Tanzania na Kenya ilidorora vibaya.

Kuna pia ile ya Windows yenyewe, Backup and Restore (Windows 7). Microsoft walitangaza mwaka 2017 kwamba hawaiendelezi tena sehemu yake ya kunakili mfumo mzima. Msiitegemee.