Njia mbili za Mtwara–Lindi: nimezitumia, zinatosha

Ikitajwa tu barabara yetu ya kusini, hii ya Mtwara–Lindi yenye njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, hakosekani wa kusema ipanuliwe iwe ya njia nne kama za wenzetu. Mimi naendesha Canter kati ya Mtwara, Lindi na Masasi, nabeba chochote kinacholipa: korosho msimu ukifika, saruji, mbao, hata vitanda vya maharusi. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtumiaji. Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyokatwa haihusiani kabisa na wingi wa njia.

Toka Mtwara saa tatu asubuhi. Ukishaiacha Mikindani, mabasi ya Dar yameondoka tangu alfajiri, na mpaka unakaribia Mpapura magari uliyopishana nayo unayahesabu kwa vidole. Pilikapilika utazikuta Mnazi Mmoja, pale njia ya Masasi inapoachana na ya Lindi, na hizo ni za bodaboda na wauza korosho za kukaanga, foleni hakuna. Mwongozo wa wahandisi wa Marekani unasema barabara ya njia mbili, hali ikiwa nzuri, inapitisha hadi magari madogo 3,200 kwa saa kwa pande zote mbili. Toa malori, toa vilima, toa ng'ombe wanaovuka, bado sisi hatuikaribii namba hiyo hata korosho zikipamba moto.

Malori yameongezeka, hilo sibishi. Tangu makaa ya mawe ya Ruvuma yaanze kushuka bandarini Mtwara, ukinasa nyuma ya semi tatu zinapanda kilima utatambaa nazo hadi juu. Madereva wake wengi ni waungwana: akikuwashia indiketa ya kushoto, mbele kweupe, pita, akiwasha ya kulia, tulia nyuma yake. Lakini kumtegemea mtu usiyemjua akuonee njia si mpango. Dawa yake ni njia ya ziada ya kupandia kwenye vilima vyenyewe, kilometa moja hapa, mbili kule. Kuitanua barabara nzima kwa sababu ya vilima vichache ni kutupa hela.

Sasa nyota iliyokatwa. Shuka uangalie ukingo wa lami baada ya masika. Kuna sehemu udongo wa pembeni umeondoka na maji, lami imebaki juu kama ngazi, kina cha kiganja. Mzee anakuja na baiskeli, gunia la mkaa nyuma, akisikia honi inabidi achague: adondoke kwenye ngazi ile au abaki mbele ya lori. Mara nyingi anabaki, na mimi nashika breki. Mita moja na nusu ya bega la lami kila upande ingemsaidia yeye na mimi kuliko njia mbili za nyongeza.

Na chini ya lami ndiko kwenye maradhi makubwa. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Lindi–Dar maeneo ya Somanga, Kilwa, kusini yote ilifungiwa upande wa Dar. Abiria walilala njiani, bei za vitu Mtwara zikapanda. Hata tungekuwa na njia nane, zote zingekatika siku hiyo hiyo, kwa sababu maji hayakupata pa kupita. Hela ya njia nne ningeizika kwenye makalavati mapana, madaraja na mitaro.

Anayetamani upana aitazame Naypyidaw, makao makuu ya Myanmar. Wana barabara ya njia 20 karibu na bunge lao, na picha zake karibu zote zinaonyesha lami tupu. Barabara yao ya njia nne kutoka Yangon kwenda Mandalay ilibandikwa jina la barabara ya kifo. Dereva akiona peupe anakanyaga mafuta, tairi likipasuka hapo hakuna hadithi.

Hata hapa nyumbani tuna mfano. Mtwara mjini ilichorwa kubwa kwa ajili ya ule mpango wa Waingereza wa mashamba makubwa ya karanga, ulioanza 1947 na kufutwa 1951. Bandari ilikamilika 1954, karanga zenyewe hazipo, na reli ya kuzibeba toka Nachingwea ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndiyo maana mgeni anashangaa majengo yetu yalivyoachana. Lami pana nayo inadai viraka kila mwaka, ipite gari isipite, na viraka hivyo vinatoka kwenye tozo ya mafuta ninayoilipa mimi kituoni. Halafu kuna alama ya X, ya nyumba za kubomolewa, kwenye kuta za watu walio kando ya barabara. Wanaodai njia nne huwa hawaitaji.

Anayepanga kupita huku kwa mara ya kwanza: tembea mchana. Usiku baiskeli hazina taa, na lori bovu linawekewa matawi ya mti badala ya pembe tatu. Hayo majani ukiyaona barabarani, punguza mwendo hapo hapo. Lori lenyewe liko mbele kidogo, na huenda fundi amelala chini yake.