Kinanda cha disketi: ununue nini draivu yake ikichoka

Wiki mbili kabla ya Pasaka nililetewa kinanda kutoka Kongwa. Kilishushwa stendi ya Nanenane kimeviringishwa kwenye blanketi na kufungwa kamba ya katani. Ni Yamaha PSR-2000, kimepita miaka 20 sasa, na sauti zake bado zinasisimua. Kasoro ilikuwa moja: ukiingiza disketi, draivu inakoroma, inanyamaza, inakoroma tena, kisha kioo kinaonyesha kwamba disketi haisomeki. Mwalimu wa kwaya alikuja na disketi 11 ndani ya kopo la biskuti, kila moja imeandikwa kwa kalamu: Pasaka, Harusi, Msiba, Mkesha. Akaniuliza, "Fundi, si bora tukiuze tuongezee hela tununue kingine?"

Nilimwomba asikiuze. Draivu ya disketi ni kipande kimoja tu ndani ya kinanda, na ndicho huwahi kufa. Kichwa chake cha kusomea kinagusana na disketi inayozunguka mara 300 kwa dakika, kwa hiyo chembe ya vumbi ikiingia katikati inakwangua disketi na kukichafua kichwa kwa pamoja. Nasi huku Dodoma kiangazi kikishika, upepo unapeperusha vumbi jekundu hadi ndani ya makabati. Nilipokifungua kile kinanda, nilikuta vumbi limeganda kwenye grisi ya reli ya kichwa, gumu kama udongo wa kichuguu. Pamba yenye spiriti ilitoka nyekundu mara nne.

Kuna na suala la nafasi. Disketi ya kawaida inabeba MB 1.44. Kwa faili za MIDI, yaani maelekezo ya noti ambayo kinanda huyacheza, na midundo inatosha nyimbo kadhaa tu, ndiyo maana mpiga kinanda anabadilisha disketi katikati ya ibada. Disketi mpya nazo zimekuwa adimu. Sony ilifunga mauzo yake mwaka 2011. Kwa hiyo dawa ni kuondoa draivu na kuweka kifaa cha ukubwa uleule kinachopokea flashi, ambacho kinanda kitakiona kama draivu ya disketi ileile ya siku zote. Ninayoyaandika hapa yanawafaa pia wenye kompyuta za nyumbani za zamani, Amiga 500 au Atari ST, maana kifaa ni hichohicho.

Kabla hujatoa hela

Shika disketi yako ya zamani uiangalie kwenye mwanga. Yenye matundu mawili ya mraba, moja kila pembe ya upande usio na kifuniko kinachoteleza, ni HD, ya MB 1.44. Yenye tundu moja ni DD, na kwa kawaida ni ya KB 720. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa kifaa cha KB 720 baada ya kuagiza cha 1.44. Boksi lilikuwa lilelile na rangi ileile, tofauti ikiwa tarakimu mbili kwenye jina la modeli. Kinanda hakikukitambua, na muuzaji akakataa kukirudisha kwa kuwa nilishakifungua. Tangu siku hiyo namwambia muuzaji anipigie picha ya lebo kabla sijalipa, nami nakushauri ufanye vivyo hivyo.

Baada ya hapo fungua kinanda uangalie waya bapa unaoingia kwenye draivu. Ukikuta plagi pana ya safu mbili yenye pini 34, shida huna. Ukikuta utepe mwembamba kama karatasi, wa pini 26, utahitaji kibao cha kuunganishia, kinachouzwa peke yake. Pima na nafasi yenyewe: draivu ya kawaida ina upana wa sentimita 10 na kimo cha sentimita 2.5.

Nafasi ya kwanza: Gotek yenye FlashFloppy, kioo kidogo na kitufe cha kuzungusha

Gotek ni kiboksi cha plastiki chenye tundu la flashi mbele. Kikitoka kiwandani kinakuwa na programu yake ya ndani, ila kuna programu nyingine ya bure iitwayo FlashFloppy, aliyoiandika Keir Fraser, na hiyo ndiyo inayokifanya kifaa kiwe cha maana. Kila disketi yako inageuzwa kuwa faili moja la IMG, yaani nakala nzima ya disketi, unalipatia jina unalotaka, unaliweka kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, mpangilio wa kawaida wa flashi. Mpiga kinanda anazungusha kitufe na kusoma kwenye kioo: Pasaka, Harusi, Msiba. Hana haja ya kukariri namba.

Uzuri wake mwingine ni kwamba inakubali KB 720, MB 1.44, hata KB 880 za Amiga na KB 800 za vinanda vya Ensoniq, bila kubadilisha kifaa. Kinanda kikiwa na masharti yake kuhusu ishara ya pini ya 34, unabadilisha mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, FF.CFG, ndani ya flashi, kuanzia "shugart" kwenda "ibmpc", kisha unajaribu tena. Kile cha Kongwa kilikubali jaribio la pili.

Nunua iliyokwisha kuwekewa FlashFloppy. Kuiweka mwenyewe kunawezekana, lakini kunataka kompyuta, waya wa USB wenye vichwa viwili vinavyofanana, na pengine kulehemu. Isitoshe si kila Gotek inaipokea: uliza kama chipu ni STM32F105, AT32F415 au AT32F435. Muuzaji akishindwa kukujibu, tafuta mwingine. Madukani mjini sijaikuta kwenye rafu hata mara moja. Mimi naagiza mtandaoni na kusubiri, kwa hiyo anza mapema. Usingoje wiki ya Krismasi.

Nafasi ya pili: Gotek ya kawaida, yenye namba

Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na kwa kinanda cha MB 1.44 chenye pini 34 inafanya kazi vizuri. Mbele ina tarakimu zinazowaka na vitufe viwili. Flashi inakatwa vipande, kila kipande ni "disketi" moja, kuanzia 000. Zenye tarakimu tatu zinafika 999. Hesabu inaonyesha vipande 1,000 vya MB 1.44 ni kama GB 1.44, kwa hiyo flashi ya GB 2 au 4 inatosha kabisa. Ya GB 64 haitakuongezea chochote.

Udhaifu wake ni kwamba lazima kuwe na daftari. Wimbo wa maingilio uko 014, sadaka 027, na mpiga kinanda mgeni akikaa hapo hana pa kuanzia. Ninaiweka ya pili kwa sababu hiyo tu. Kwaya yenye mpiga kinanda mmoja wa kudumu na bajeti ndogo, chukueni hii bila wasiwasi, mradi namba ya modeli ilingane na disketi zenu.

Nafasi ya tatu: kifaa kilichoandaliwa kwa modeli yako

Kuna wauzaji wa nje, Ulaya hasa, wanaouza vifaa vya aina hii vikiwa vimepangwa tayari kwa kinanda fulani. Unataja modeli, wanakuletea kilichokwisha kujaribiwa. Ni kazi safi, lakini bei yake ni mara kadhaa ya Gotek. Ningemshauri hivyo mwenye kinanda kigumu kukubali vifaa vingine, asiye na fundi karibu, anayekitegemea kwa riziki. Wengine hela hiyo wanunulie spika.

Nafasi ya nne: draivu nyingine ya disketi, ya mtumba

Draivu zilizochomolewa kwenye kompyuta za mezani za zamani bado zinapatikana kwa mafundi. Nakushauri uichukue kwa kazi moja: kusomea disketi zako kwa mara ya mwisho. Tena draivu nyingi za kompyuta hazikubali kwenye kinanda mpaka zirekebishwe, kwa kuwa zimepangwa kuwa draivu ya pili kwenye waya. Na vumbi lililoua ya kwanza lipo palepale.

Usiichanganye na draivu ya disketi ya nje, ile ya USB inayochomekwa kwenye laptopu. Kwenye kinanda kisicho na tundu la USB haina pa kuingia. Hata hivyo, iazime au inunue, maana ndiyo utakayohamishia nyimbo. Inasoma 1.44 na 720 za mpangilio wa kompyuta za kawaida. Disketi za Amiga haiziwezi, hizo zinataka kibao kiitwacho Greaseweazle na draivu ya kawaida.

Siku ya kufunga

Hamisha nyimbo kwanza, kabla ya kugusa bisibisi. Disketi inayosita iache ipumzike, safisha kichwa, jaribu tena. Kati ya zile 11 za Kongwa tulipata tisa kamili. Ya kumi ilitoa nyimbo tatu, ya mwisho haikutoa kitu. Ndiyo ilikuwa ya Mkesha.

Kwenye waya bapa, ukingo wenye rangi nyekundu unaelekea pini namba 1. Ukiugeuza, mara nyingi taa inawaka bila kuzimika na kinanda hakioni kitu, zima, ugeuze. Plagi ndogo ya umeme ndiyo ya kuogopa. Ina matundu manne, na inaweza kuingia ikiwa imesogea pini moja pembeni bila wewe kuhisi. Ukiwasha hivyo unaweza kuunguza kifaa kipya, au kinanda chenyewe. Piga tochi, hesabu pini, ndipo uwashe. Jampa, kile kikofia kidogo kinachounganisha pini mbili kwenye kifaa, iweke kwanza S0. Kinanda kisipoitika, ihamishie S1.

Flashi chagua fupi, isiyotokeza, kwa sababu iliyotokeza itagongwa na mkono wa mtoto au kitambaa cha madhabahu. Nunua mbili, nakili vilevile zote mbili, na ya pili akae nayo katibu wa kwaya nyumbani kwake.