*nebo na *město: yanafanana hadi uyasogeze

Katika umoja, maneno haya mawili ya Kislavi cha Awali, lugha mama ya Kirusi na Kicheki, ni kama mapacha: *nebo 'mbingu' na *město 'mahali' yote yanaishia na -o, na yote ni ya jinsia isiyo ya kiume wala ya kike. (Nyota inaonyesha kwamba neno halikukutwa limeandikwa, wanaisimu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha za Kislavi, zilizo hai na za kale.)

Yasogeze kidogo, yaani yabadilishe umbo kulingana na kazi yake katika sentensi, siri inatoka. *Město halina makuu: umbo la umilikaji ('ya mahali') ni *města, la mpewa (anayepewa kitu) *městu, wingi *města. Inaondoka -o, kiishio kingine kinakaa mahali pake. *Nebo linachomoa -es- iliyokuwa imejificha: *nebese, *nebesi, wingi *nebesa. Ni kama jina na jicho kwetu. Jina, majina, hakuna taabu. Lakini jicho, macho, na mgeni anabaki kujiuliza ji- imekwenda wapi.

Hiyo -es- si ya juzi. Ni urithi wa Kihindi-Ulaya cha Awali, lugha mama ya lugha nyingi za Ulaya na India, na ndugu zake ni nabhas ya Kisanskriti na nephos 'wingu' ya Kigiriki. Ndiyo maana mimi navutiwa zaidi na *nebo, pamoja na usumbufu wake.

Kwa umbo, hata hivyo, *město limeshinda. Kirusi leo kinasema neba kwenye umilikaji, kikiiga kundi kubwa la maneno kama *město, ingawa wingi nebesa umegoma kubadilika. Kwa maana mambo yamegeuka: mbingu imebaki mbingu, lakini mesto ya Warusi ni mahali, na město ya Wacheki ni mji.