Mapitio: Mafundi wa Swichibodi za Ofisi Mjini Moshi, Baada ya Miezi Mitano

Ofisi yetu ya kupokea wageni wa mlimani, iliyoko Shanty Town mjini Moshi, imehudumiwa kwa miezi mitano sasa na duka dogo la mafundi wa simu lisilo mbali na Soko Kuu. Duka lenyewe halina bango la maana, na anayepita haraka atadhani wanauza chaja tu. Naandika mapitio haya kwa ajili ya wenye ofisi, nyumba za wageni na zahanati ambao bado wana swichibodi ya zamani ukutani, yaani mtambo unaogawa simu za nje kwenda vyumbani, na wameambiwa, kama tulivyoambiwa sisi, kwamba dawa yake ni kuitupa.

Tuliowaita kwanza walikuwa kampuni nyingine, ambayo sitaitaja. Mtaalamu wao alikaa dakika kumi, akatazama mtambo bila kuufungua, akasema umezeeka, na kesho yake tukaletewa ankara ya makadirio yenye mamilioni ya shilingi kwa ajili ya simu mpya katika kila chumba. Mtambo huo ni Panasonic KX-TES824 wa analojia, uliofungwa hapa mwaka 2009, ambao kwa hali yake ya kiwandani hupokea laini 3 za nje na ekstensheni (simu za ndani) 8, na ukiongezewa kadi hufika laini 8 na ekstensheni 24. Namba yetu ya 027 imechapishwa katika vipeperushi vyote tangu mwaka huo, kwa hiyo kuizima halikuwa jambo la kuamuliwa kwa dakika kumi.

Fundi wa Moshi alikuja na mita ya umeme, simu ya kawaida ya kupimia na kisu cha kubania nyaya. Hakuigusa swichibodi kwanza. Alichomoa laini ya kwanza ya nje, akaipima ikiwa haina mzigo, akapata volti 48 kama inavyotakiwa. Kisha akaunganisha simu yake, akanyanyua mkonga na kupima tena. Laini isiyo na hitilafu hushuka hapo hadi kati ya volti 5 na 10 hivi, lakini yetu ilianguka hadi volti 2 na sauti ikaanza kukwaruza. Akafuata waya hadi kwenye kisanduku cha maungio kilicho nje, upande unaopigwa na mvua za masika, akakifungua, na maungio yalikuwa yameota kutu ya kijani. "Mama, mtambo huu hauna kosa," aliniambia. "Kosa liko nje, ukutani." Alikata nyaya hadi kwenye shaba safi, akaunga upya na kuongeza kinga ya radi iliyofungwa kwenye waya wa ardhini, na mkwaruzo tulioulaumu kwa miaka miwili ukaisha mchana huohuo. Uchunguzi na kazi hiyo vilitugharimu shilingi 85,000, vifaa vikiwamo.

Tatizo la pili lilikuwa gumu zaidi, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Mgeni akikata simu upande wake, laini yetu ilibaki imeshikwa, taa nyekundu ikiwaka mezani kwa mhudumu wa mapokezi wakati hakuna anayeongea, na waliopiga baadaye wakiambulia mlio wa laini yenye shughuli. Fundi alieleza kwamba swichibodi ya analojia haina macho: hujua kuwa mtu wa mbali ameondoka tu pale mkondo wa umeme unapokatwa kwa kitambo kidogo sana kwenye laini, au pale inapoutambua mlio wa mwisho wa simu. Mpangilio wetu ulikuwa ukisubiri ishara ambayo laini ile haikuwa ikiitoa. Alibadilisha mpangilio huo kupitia simu ya meza yenye skrini, akapiga kutoka simu yake ya mkononi mara kumi na mbili (nilihesabu), na mara zote laini ikajiachia.

Baada ya hapo tukamwongezea kazi. Ofisi yetu kuu ya Arusha ilikwisha kuhamia kwenye swichibodi ya Grandstream UCM6202, inayopitisha mazungumzo kupitia intaneti kwa itifaki ya SIP, yaani kanuni ambazo mitambo hutumia kupigiana simu mtandaoni, na sisi wa Moshi tulikuwa tukiwapigia kwa simu za mkononi kama watu tusiofahamiana. Fundi hakutaka tununue swichibodi mpya. Alileta kiunganishi kidogo cha HT802, kinachogeuza simu ya intaneti kuwa laini ya kawaida, chenye matundu mawili ya simu ya kawaida, akakisajili kwenye mtambo wa Arusha, kisha akachomeka tundu moja kwenye nafasi ya laini ya tatu ya Panasonic yetu, ambayo ilikuwa tupu. Mtambo wa zamani unadhani umepata laini nyingine ya mtaani, wakati kwa hakika laini hiyo ni Arusha nzima. Wenye ofisi mbili watajua unafuu wake.

Siku ya kwanza, hata hivyo, Arusha walitusikia vizuri na sisi hatukusikia chochote. Nilidhani kiunganishi ni kibovu. Fundi alisema SIP hubeba tu habari za nani anampigia nani, na sauti yenyewe husafiri kwa njia yake pembeni. Simu ikilia vizuri kisha upande mmoja ukawa bubu, mshukiwa wa kwanza ni ruta. Ya kwetu ilikuwa na kipengele kinachojidai kuisaidia SIP kwa kubadilisha anwani zilizomo ndani ya ujumbe wake, na msaada huo ndio uliokuwa ukiipeleka sauti mahali ambapo hakuna mtu. Alikizima, akawasha upya ruta, na sauti ikarudi. Alipanga pia sauti ipewe kipaumbele mbele ya picha za safari ambazo vijana wetu hupakia jioni, kwa kuwa simu moja kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya kawaida ya G.711 huhitaji kilobiti 64 kwa sekunde kila upande kabla hata ya kuongeza vifungashio vyake, yaani data za anwani zinazosafiri na sauti, na picha hazina adabu ya kusubiri.

Jambo jingine alilolifanya bila kuombwa linahusu umeme. Panasonic hii, umeme ukikatika, huiunganisha laini ya kwanza moja kwa moja na ekstensheni ya kwanza, lakini sisi tulikuwa tumeweka hapo simu ya meza yenye skrini, ambayo bila umeme ni pambo tu. Aliweka simu ya kawaida badala yake. Tangu hapo giza likiingia bado tunapatikana.

Sasa lawama. Fundi huyu akisema saa tatu asubuhi, mtu ajipange kwa saa sita. Kosa lake kubwa lilikuwa kuacha kiunganishi kikipokea wito kutoka mahali popote kwenye intaneti. Wiki ya pili simu ya mapokezi ililia saa nane usiku, mlinzi akanyanyua mkonga na kukuta kimya, ikalia tena na tena hadi alfajiri, namba ikionekana kuwa 100 au 1001. Hao ni watu wanaopekua mtandao wakitafuta mitambo yenye nenosiri jepesi ili wapige simu za nje kwa gharama ya mwingine. Nilipompigia alikuja siku hiyohiyo, akapanga kiunganishi kipokee wito kutoka Arusha pekee, akabadilisha manenosiri yote, likiwamo lile la kiwandani lililokuwa bado kwenye Panasonic, na hakunidai kitu. Lakini kazi hiyo ilipaswa kufanyika siku ya kwanza.

Kwa jumla nawapa nyota nne kati ya tano, na nyota iliyopungua haihusu kuchelewa wala ule usiku wa simu bubu. Nimemwomba mara tatu aniandikie mpangilio wa nyaya, waya upi unakwenda chumba kipi, ili siku akiwa safarini Same au Rombo mtu mwingine aweze kuendelea. Kila mara anajibu kwamba anayo yote kichwani. Karatasi iliyobandikwa ndani ya mfuniko wa swichibodi hadi leo ni ile niliyoiandika mwenyewe kwa penseli, na waya wa ekstensheni ya stoo bado sijui unapita wapi.